Kimya cha Ummukulthum

Haya, sogeeni. Na wewe uliyeshika simu iweke chini, hiki kitendawili hakikungoji. Nina nyumba ya mlango mmoja. Mlango ukiwa wazi, mgeni husimama nje akaona haya kuingia. Mlango ukifungwa, mgeni hupita mpaka ndani na viatu vyake. Ni nini?

Mnasema kaburi? Siyo, kaburi haliogopewi kwa haya. Lifti? Lifti si nyumba. Basi mmeshindwa, nipeni mji. Mmenipa London? Nimeupokea. Na huko London ndiko lilikolala jawabu, kwa hivyo kaeni vizuri.

Jumamosi moja ya mwaka elfu mbili na sita soko la Stratford lilikuwa limefurika. Baridi inawatia watu machozi, muuza ndizi anapiga kelele kumshinda muuza mashuka, na treni zinashusha wengine juu ya hao waliopo. Mbele ya kibanda cha masanduku cha Bwana Chaman alisimama msichana wa Kiunguja, Ummukulthum binti Soud, ndani ya koti refu la zambarau. Mtandio wake wa hariri, rangi ya fyulisi, ulizunguka uso ambao ukiuona umekasirika unatamani ungekuwa wewe uliyeukasirisha, ili upate kuuomba radhi.

Na siku hiyo ulikuwa umekasirika. Alikuwa ameshika kishikio cha sanduku la buluu, la mwisho la saizi ile, na upande wa pili wa sanduku hilo hilo umeshikwa na mwanamme.

Alimwambia kwa Kiingereza, kwa adabu, kwamba sanduku ni lake. Yule mwanamme akajibu kwa Kiingereza kwamba yeye ndiye aliyelishika mwanzo. Ummukulthum akageuza uso, akanong'ona:

"Jitu zima, akili kisoda."

"Kisoda usikidharau, dada," jitu likajibu kwa Kiswahili. "Kinaziba chupa nzima."

Ummukulthum aliona masikio yanamuungua ndani ya mtandio. "Kumbe Mswahili!"

"Mpemba. Mswahili na nusu."

Chaman, mwenye kibanda, hakuelewa hata neno moja, lakini macho alikuwa nayo. "Mnagombana kama mke na mume," akawaambia. "Oaneni, mlitumie wote."

Yule mwanamme alicheka, akaachia sanduku. Jina lake Mahir, fundi wa breki za mabasi katika gereji ya Peckham. Mrefu, mabega kama kabati, na sabuni yote aliyojisugulia haikuweza kuondoa weusi wa grisi kwenye kucha zake. Sanduku alilitakia mama yake, anayekwenda Pemba. "Chukua wewe. Lakini nipe nambari yako."

"Ya nini?"

"Niwe nalijulia hali sanduku."

Na kweli akalijulia hali. Ilikuwa kila Ummukulthum akitoka shifti yake kwenye nyumba ya wazee, huko Hounslow, simu inalia.

"Sanduku hajambo?"

"Hajambo. Kalala uvunguni."

"Mpe salamu zangu. Na aliyelala juu ya kitanda?"

"Huyo haulizwi hali na watu asiowajua."

"Basi nijulishe, laazizi."

"Laazizi! Nani kakufunza hilo? Wapemba nasikia mnajua kupiga bei tu."

"Bei ndiyo hii naipiga."

Alikuwa akija kumngoja kituo cha basi na visheti alivyokaanga mama yake, bado vya moto ndani ya karatasi ya fedha. Walikuwa wakikaa ghorofa ya juu ya basi, kiti cha mbele kabisa, wanatafuna na kubishana: nani anapika pweza bora, Unguja au Pemba, nani muongo zaidi. Ummukulthum alikuwa mtu wa kujibu. Neno moja ukimpa, anakurudishia matatu, mawili yamekaangwa. Na Mahir alipenda hivyo hivyo. Ummukulthum naye, akifika nyumbani, alikuwa anajikuta amesimama mbele ya kioo na koti lake, anacheka peke yake kama mwehu. Lau angeulizwa siku zile kama anamtaka, angejibu kabla swali halijamalizika.

Likumbukeni hilo. Maana hakuulizwa.

Siku moja, wako juu ya basi, Mahir akamuuliza: "Hivi lile sanduku, linakwenda wapi hasa?"

"Dumaguete."

"Duma nini?"

"Dumaguete. Mji wa pwani, Ufilipino. Kuna mwenzetu kazini, Rowena, ndiko kwao, anatusifia kila siku. Nakwenda na Mumbi."

"Mumbi ndo nani?"

"Rafiki yangu, Mkikuyu. Tunafanya kazi pamoja."

"Na nani mwengine?"

"Na Mungu."

Mahir alicheka, lakini kicheko kilimuanguka njiani. "Na mimi?"

"Wewe utabaki na breki zako."

Ilikuwa safari ya kubana: ndege ya bei ya chini inayopumzika kila mji, kisha meli, kisha chumba cha kushiriki. Lakini kwa Ummukulthum ilikuwa safari kubwa kuliko zote. Mara ya kwanza alisafiri akiwa mtoto mchanga wa kubebwa mgongoni, baba yake anaikimbia nchi. Mara ya pili alirudi Unguja kumzika mama. Hajapata kwenda mahali kwa sababu miguu yake yeye imetaka kwenda. Baba yake, Mzee Soud, alimwelewa. Alimwambia, "Nenda mwanangu, kaone bahari ya watu wengine," na ruhusa ikatoka.

Sasa sikilizeni namna mambo yalivyoharibika.

Ilikuwa Jumapili mchana, safari imekaribia. Ummukulthum alirudi kutoka kazini na sare yake ya kijani, miguu inamuuma, akakuta mlangoni kwao safu ya viatu vya kiume vya ngozi, vimepigwa rangi vinang'ara. Ndani kunanuka udi. Sauti nzito ya mwanamme mmoja inamswalia Mtume.

Alipita nyuma akaingia jikoni. Shangazi yake, Bi Nasim, aliyemlea tangu mama yake afariki, alikuwa anapanga halua kwenye sahani, kanga mpya kiunoni, macho yanang'ara kuliko vile viatu.

"Kaa, mwanangu. Kaa kwanza." Akamshika mikono yote miwili. "Wamekuja watu wa kheri. Mzee Matar, na nduguze, na wazee wa msikitini. Wamekuja kukuposea mtoto wa ndugu yao. Mahir. Babako kaniambia nikuulize. Unasemaje?"

Ummukulthum alifungua mdomo.

Mahir! Jana tu wamezungumza. Jana tu alimuuliza kama mvua inanyesha huko Dumaguete, akamwambia achukue mwavuli, akamwita roho yangu. Na wakati huo huo alikuwa ameshawaambia ami zake, ami zake wameshawaambia wazee, wazee wameshapiga rangi viatu! London nzima inajua anaposwa isipokuwa anayeposwa.

Hasira zilimpanda kutoka kwenye nyayo. Zilipofika kooni zikakwama, kama mfupa. Yeye, mtu wa maneno matatu kwa moja, hakupata hata nusu. Akasimama tu jikoni, anaitazama halua, machozi ya hasira yanamlenga.

Bi Nasim akamtazama. Akaona uso umeinama, akaona machozi, akaona kimya. Akajifuta na yeye machozi yake.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mwari kanyamaza."

Na kabla Ummukulthum hajavuta pumzi, shangazi amekwishafika mlango wa sebule, na kigelegele alichokipiga kilitikisa vikombe.

Haya, mmelipata sasa? Nyumba yenye mlango ukifungwa mgeni huingia: ni mdomo wa mwari anapoposwa. Kwetu mtoto wa kike akiulizwa akanyamaza, basi kakubali. Haya imemzuia kusema ndiyo. Ni ada nzuri hiyo, iliwekwa kumsitiri mtoto. Ila aliyeiweka alisahau kwamba si haya peke yake inayofunga mdomo.

Mnasema mbona hakutoka akapiga kelele? Nyinyi ndio mngetoka? Sebuleni amekaa baba yake, mzee aliyepoteza nyumba na nchi akabakiwa na jina lake tu, na wageni wameshaonja halua. Ummukulthum alipanda chumbani, akafunga mlango, akapiga simu.

"Mahir."

"Laazizi! Nimesikia! Umenyamaza, Ami kaniambia umenyamaza, wallahi nimesujudu hapa hapa gereji, chini ya basi!"

"Inuka ulikosujudu. Nani alikwambia utume watu kwetu?"

"Sasa nimekosa nini? Nimekuja kwa mlango wa mbele, kwa wazee, kwa heshima. Ulitaka nije kwa dirishani?"

"Mlango wa mbele mimi sikuwepo! Jana ulikuwa unanizungumzia mwavuli!"

"Nilitaka iwe... nilitaka ufurahi."

"Na mbona haraka hivi? Hukuweza kungoja nikarudi?"

"Ami alisema," Mahir akajibu. "Mwari akishaposwa hasafiri. Itabidi uvunje tu hiyo safari, si kitu, tutakwenda sote siku nyengine."

Ilikuwa hiyo basi! Kumbe posa yenyewe ni kamba. Ummukulthum aliikata simu, akaitupa kitandani, akakaa sakafuni karibu na lile sanduku la buluu.

Alipomwendea baba yake, alikuwa amejitayarisha kwa vita. Mzee Soud hakumpigia kelele. Alivua miwani, akaifuta na pembe ya kanzu.

"Wakwe zako hawataki uende," akasema. "Mzee Matar kanisemesha."

"Na wewe baba?"

"Mimi nilikupa ruhusa kabla hawajaja. Neno langu silirudishi kwa sababu ya halua. Nenda. Ila ukirudi, mwanangu, neno nililowapa wao nalo sitalirudisha. Ulinyamaza."

Ummukulthum alitaka kusema, baba, sikunyamaza, nilikuwa nanguruma kimya kimya. Lakini mzee alikuwa ameshavaa miwani yake.

Basi wakaondoka yeye na Mumbi. Nisiwachosheni na ndege. Mtu yeyote aliyewahi kulala juu ya mikoba katika kiwanja cha ndege cha watu anazijua zile shingo zinazouma. Kutoka mji wa Cebu, huko huko Ufilipino, wakapanda meli, na asubuhi wakauona mji wa Dumaguete umejipanga kando ya bahari: miti mikubwa imeinamia ukuta wa pwani, watu wazima wanafanya mazoezi kwa muziki, pikipiki zenye vibanda vya abiria ubavuni zinapishana kama siafu. Wakachukua chumba kwa Manang Luz, mama wa Rowena wa kazini, juu ya duka lake la mikate. Manang ni kama sisi tunavyosema Bi. Kitanda kimoja, feni moja.

"Hii feni inakuangalia wewe tu," Mumbi akalalamika. "Kwani imekuposa pia?"

"Mumbi, usinichokoze."

"Nakuchokoza? Umenuna tangu kiwanja cha Heathrow. Watu wanakuja pwani kuogelea, wewe umekuja kununa. Ungeninunia huko Hounslow bure, bila tiketi."

Mumbi alikuwa mfupi, mnene, na suruali ya jinzi na fulana yenye maua makubwa, na popote alipopita watoto walimfuata wakitaka kumshika nywele za kusuka. Alikuwa akicheka nao. Ummukulthum alitembea nyuma, baibui lake jepesi linapepea, anakula samaki wa kuchoma na wali uliopikwa ndani ya vikoba vya makuti, na kila kitu kilikuwa kizuri, na kila uzuri ulimzidishia hasira. Hii ilikuwa safari yake. Mbona amemleta Mahir ndani yake kama jiwe kwenye kiatu?

Alasiri moja mvua inamwagika, Manang Luz akaita kutoka dukani, "Ummi! London!" Simu ilikuwa imetundikwa ukutani, baina ya magunia ya unga.

"Hujambo," ikasema sauti ya Mahir. Kule kwao ilikuwa asubuhi. Mlio wa mabasi ulisikika nyuma yake.

"Sijambo."

"Unastarehe?"

"Nastarehe."

"Vizuri. Maana mimi huku nachekwa. Mchumba wangu kaniacha na posa mkononi, yuko Ufilipino anakula samaki."

"Mchumba wako! Nani kakwambia mimi mchumba wako?"

"Ulinyamaza, Ummu!"

"Na sasa nasema! Mbona hamsikii nikisema, mnasikia nikinyamaza tu? Nyie watu masikio yenu yako kinyume?"

Manang Luz akaacha kukanda. Mumbi akatia kidole mdomoni.

"Ami kishapanga na babako," Mahir akasema, na sasa naye sauti yake imepanda. "Ukirudi tu, nikaha. Nikamwambie nini? Mimi sijui tena ninaoa mtu au ninaoa hasira. Nilifikiri unanipenda. Kisha ukaondoka kama mtu aliyefunguliwa kifungoni. Basi nambie, wewe mwenyewe, sasa hivi. Unanitaka hunitaka?"

Lilikuwa hilo hasa, lile swali. Jawabu lilikuwa liko ulimini mwake tangu juu ya basi. Lakini Ummukulthum aliona kwamba akisema ndiyo, kule jikoni kutakuwa kumepigwa muhuri: kwamba walifanya sawa, kwamba mtu unaweza kumfunga kwanza ukamuuliza baadaye. Na akisema siyo, atakuwa anasema uongo. Akasimama na simu sikioni, unga wa magunia umemjaa mikononi na mashavuni, anasikia pumzi za Mahir zinaingia na kutoka. Pumzi zikakatika. Laini ikafa.

"Ni bana yako huyo?" akauliza Manang Luz. Bana, kwa lugha yao, ni mume.

"Hapana!" Ummukulthum akapiga ukelele mpaka paka akakimbia.

Mumbi akacheka akashika tumbo. "Bana! Hata jina lenyewe linabana! Lakini ona, sauti iko. Huyu mama amekuuliza mara moja umejibu. Mahir mbona hujamjibu?"

"Kwa sababu Manang kaniuliza kabla ya kuniamulia."

Mumbi akaacha kucheka. Alimfuta unga mashavuni kwa pembe ya fulana yake. "Basi si umwambie hivyo, dada? Huyo mtu ni fundi wa breki. Hajui kusoma mioyo. Mwambie mahali inapokwaruza."

Walirudi London wameungua jua. Nyumbani Hounslow mashangazi wameshajaa, mapazia yamebadilishwa, gauni la kijani la nikaha limetundikwa mlangoni kama mtu anayemngoja. Ummukulthum hakufungua hata sanduku. Alimwita Mahir kwenye duka la chipsi mkabala na kituo cha basi, mchana kweupe, watu wamejaa.

Alikuja na ovaroli lake la kazi. Alikuwa amekonda.

"Hukunijibu," akasema kabla hajakaa.

"Nisikilize, na usinikate. Siku ile jikoni sikunyamaza kwa haya. Nilinyamaza kwa hasira. Nilikasirika mpaka ulimi ukanigandia. Umemuuliza ami yako, umemuuliza babangu, imam kaulizwa, wauza udi wameulizwa. Mimi tu hukuniuliza. Na ulijua nitasema nini, Mahir! Ulijua. Ila uliogopa safari, ukaona bora unifunge wakati hujaniuliza kuliko uniulize halafu niondoke."

Mahir aliinamia chipsi zake. "Niliogopa," akasema. "Niliogopa ukishaiona dunia, mtu wa grisi utamuona kisoda."

"Basi ungeniambia unaogopa! Mwanamme anayesema naogopa ningempa roho yangu akaikalie."

"Sasa si nimeshasema? Sema na wewe basi. Sema hapa tuyamalize."

"Hapa?" Ummukulthum akasimama, mtandio umemuanguka mabegani, akaurudisha kwa nguvu. "Uliponiposa walikuwepo wazee wote na shangazi na halua. Ukaniiba mbele za watu, halafu unataka kunirudisha kwa kificho, kwenye duka la chipsi? Utaniuliza mbele ya wale wale. Wasikie swali, wasikie jawabu."

"Bwana harusi amuulize bibi harusi mbele ya wazee? Ummu, hilo halijapata kufanyika! Ami Matar ataanguka."

"Aanguke. Siku ya nikaha baba yangu atapanda na mashahidi kuniuliza. Kama wewe bado hujaniuliza, sitanyamaza mara hii. Nitasema sitaki, kwa sauti, na babangu ataaibika na mimi nitaaibika, na utakuwa umeyataka wewe."

"Unanitisha?"

"Ndiyo."

Mahir akasukuma kiti nyuma, uso umemvimba. "Basi mimi sitishwi," akasema, akatoka, na mlango wa duka ukapiga nyuma yake. Hakupiga simu siku ile. Wala zilizofuata.

Siku ya nikaha ilikuja na jua. Nyumba za London mnazijua: nyembamba, zimesimama wima, ngazi inaanzia mlangoni. Wanaume walijaa chini sebuleni, kanzu kwa kanzu. Wanawake juu, udi na marashi na vicheko. Ummukulthum alikaa kitandani ndani ya gauni la kijani, michoro ya piko imepanda mpaka viwikoni, na asumini zilizoletwa kwa ndege ndani ya barafu zinamnyaukia kifuani. Mumbi, aliyefungwa kanga mbili asizoziweza, alikaa ubavuni akimshika mkono.

"Baridi kama samaki," akanong'ona Mumbi. "Utasema kweli?"

"Nitasema."

"Na unampenda?"

"Usiniulize, Mumbi. Nitalia, na wanja huu umekaa saa nzima."

Ngazi zikalia. Mzee Soud akaingia, na mashahidi wawili wamesimama kizingitini, macho chini. Wanawake wakanyamaza. Mzee alikuwa amevaa joho lake la zamani, lile alilotoka nalo kwao, na alipotamka jina la binti yake sauti ilimtikisika.

"Ummukulthum, mwanangu. Mahir anataka kukuoa kwa mahari tuliyosikilizana. Umeniwakilisha nikuozeshe? Umeridhika?"

Ummukulthum alimtazama baba yake. Aliona mikono yake ilivyozeeka. Akavuta pumzi ya kusema neno litakaloiangusha nyumba ile.

"Mzee Soud!"

Sauti ilitoka chini ya ngazi, kubwa, ya mtu aliyezoea kupiga kelele kushinda injini. "Mzee Soud, nisamehe. Asijibu kwanza! Kuna kitu sikukifanya."

Chini kukawa na vurugu. "Mahir, una wazimu? Kaa!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mzee Matar. "Mshikeni! Anapanda ngazi ya wanawake!"

"Sipandi, Ami. Nimesimama daraja ya mwanzo, siongezi. Lakini nitasema." Akavuta pumzi, hata juu walimsikia. "Siku ile ya posa, bibi huyu hakuulizwa na mimi. Nilijua anasafiri, nikaogopa, nikaharakisha posa ili imfunge. Mimi ndiye niliyefanya hivyo, si ami zangu. Na yeye hakunyamaza kwa kukubali. Alinyamaza kwa hasira, na haki yake."

Bi Nasim akatia mkono mdomoni. Mzee Soud hakugeuka. Alikuwa anamtazama binti yake, na polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo, alikuwa anakielewa kile kimya cha jikoni.

"Kwa hivyo nauliza sasa," ikaendelea ile sauti, na sasa ilikuwa inakwaruza. "Mbele ya wote. Ummukulthum binti Soud, unanitaka hunitaka? Ukisema hunitaka, nitavua joho hili nitoke na miguu yangu, na aibu ni yangu peke yangu. Na mtu asimtazame babako vibaya."

Kimya.

Bibi harusi ameinama. Bi Nasim, maskini, mazoea yakamshinda: akafumba macho, akanyanyua kidevu, ulimi tayari kwa kigelegele.

"Shangazi, wee!" Mumbi akamrukia akamziba mdomo kwa kanga. "Ngoja! Mara hii ngoja aseme!"

"Mwanangu," akasema Mzee Soud taratibu. "Umeulizwa. Mjibu unavyotaka wewe. Mimi nipo hapa."

Ummukulthum aliinuka. Asumini zikamwagika sakafuni. Akapita baina ya mashahidi, waliogeuza nyuso zao ukutani, akasimama juu ya ngazi ambapo anasikika na haonekani, na alipofungua mdomo sauti yake ilifika mpaka kwenye viatu vya wanaume mlangoni:

"Nakutaka, Mahir. Na hasira bado ninazo. Nakuja nazo."